Urefu ni wa Ardhi, Unene ni wa Mkulima: Kupima Ubora wa Eneo na Ukuaji wa Mbao Katika Shamba la Miti

Mwenye shamba la miti akikutembeza, mara nyingi atakupeleka kwanza kwenye mti mnene kuliko yote. Ataukumbatia, vidole visikutane, kisha akuambie: ardhi hii ina rutuba. Huenda anasema kweli, lakini mti ule si ushahidi. Tazama uliposimama. Uko kando ya njia, au kwenye pengo walikokufa jirani zake watatu ungali mchanga. Umenenepa kwa sababu ulipata nafasi. Ukitaka kuijua ardhi, acha kiuno cha mti, pandisha macho kileleni.

Kazi yote ya kupima ubora wa eneo imejengwa juu ya jambo hilo. Katika miti ya aina moja na umri mmoja, ile inayotawala juu hurefuka kwa kasi inayokaribiana, iwe ilipandwa mita 2 kwa 2 au mita 3 kwa 3, mradi msongamano usivuke mipaka. Unene hauko hivyo. Ukiachanisha miti inanenepa, ukiibananisha inakonda, hata udongo ukiwa ule ule. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtaalamu wa misitu wa Ujerumani aitwaye Eichhorn aligundua pia kwamba urefu huo unakwenda sambamba na ujazo wa mbao zilizoko shambani. Ndiyo maana mpimaji anayejua kazi yake huuliza urefu kwanza.

Vifaa si vingi: futi kamba ya mita 30 au 50, utepe wa kuzungushia shina, kifaa cha kupimia pembe (klinomita), ufito uliokatwa mita 1.3 kamili, rangi, daftari na penseli. Penseli, kwa sababu wino ukilowa mvua unayeyuka na kazi ya siku nzima inapotea. Nenda na mwenzako; mkiwa watatu kazi inakwenda haraka zaidi.

Hatua ya 1: Upate umri wa kweli

Hapa ndipo hesabu nyingi huharibikia, na ni mapema mno kwa mtu kushtuka. Katika nchi za baridi mpimaji hutoboa shina na kuhesabu pete. Katika tropiki njia hiyo haitegemeki. Mtiki hutoa pete za mwaka zinazosomeka pale penye kiangazi kinachoeleweka, lakini mikaratusi mingi haina pete za kuaminiwa, na misindano hutoa pete za uongo kila mvua inapokatika na kurudi. Wala usihesabu ngazi za matawi ya msindano ukidhani kila ngazi ni mwaka, kwani katika joto la tropiki mti mmoja unaweza kutoa ngazi kadhaa ndani ya mwaka mmoja.

Kwa hiyo tafuta kumbukumbu za upandaji: mwezi na mwaka. Uliza waliopanda. Uliza pia kama miche iliyokufa ilijaziwa, na lini, maana miti ya kujazia ni midogo kwa umri na haifai kuwa kipimo. Kama ni mikaratusi, uliza kama ni miche au ni machipukizi ya visiki. Machipukizi yana mizizi ya zamani tayari, yanaondoka kwa kasi miaka ya mwanzo, na ukiyapima kwa jedwali la miche utaipa ardhi sifa isiyo yake.

Kwenye mti wa miaka 15, kukosea miezi sita si neno. Kwenye mti wa miaka 3 ni kosa kubwa. Kwa ujumla mimi siamini daraja la ardhi lililotolewa na miti iliyo chini ya miaka mitatu. Urefu wa umri huo bado unasimulia habari za palizi na ubora wa miche kuliko habari za udongo.

Hatua ya 2: Gawa shamba kabla ya kupima

Shamba moja huwa na ardhi kadhaa ndani yake. Tembea lote kwanza bila kupima chochote. Angalia mgongo wa kilima, ubavu wake na bondeni. Angalia panapobadilika rangi ya udongo, panapoanza mawe, panapotuama maji. Chora ramani ya mkono na ugawe vipande vinavyofanana kwa aina ya mti, umri na hali ya ardhi. Ukichanganya mgongo wa kilima na bonde katika wastani mmoja, utapata namba isiyoeleza sehemu yoyote ya shamba.

Hatua ya 3: Weka ploti, na usizichague kwa macho

Ploti ni kieneo kidogo unachokipima kwa niaba ya shamba zima; ya duara ndiyo rahisi. Nusu kipenyo cha mita 11.28 kinakupa mita za mraba 400, yaani hekta 0.04. Ukitaka hekta 0.05, vuta mita 12.62. Kwa miti michanga iliyosongamana, mita 7.98 zinatosha kukupa hekta 0.02. Simamisha kigingi katikati, zunguka na kamba, na uhesabu kila mti ambao katikati ya shina lake iko ndani ya duara.

Panga ploti kwenye ramani ukiwa umekaa mezani, kwa umbali ulio sawa kati ya moja na nyingine, kisha uzifuate zilipo. Ukiingia shambani bila mpango, miguu itakupeleka kwenye miti mizuri bila wewe kujua. Ploti ikiangukia penye pengo, ipime hapo hapo. Pengo nalo ni sehemu ya shamba. Isipokuwa duara likitoka nje ya mpaka, lisogeze ndani, kwa kuwa miti ya pembezoni hupata mwanga wa ubavuni.

Mtelemko unahitaji umakini. Nusu kipenyo hupimwa kwa kamba iliyolala sawa kama maji mtungini, si kamba iliyolalia kilima. Penye mwinuko mkali pima kwa vipande vifupi, kama anayeshuka ngazi. Kwenye mtelemko wa nyuzi 20, ukilaza kamba juu ya ardhi bila kusahihisha, ploti yako itakuwa ndogo kwa takriban asilimia 6, na hesabu ya mbao kwa hekta itapungua kwa kiasi hicho hicho.

Ploti ngapi? Inategemea miti inavyotofautiana. Ikiwa ujazo wa ploti moja hadi nyingine unapishana kwa asilimia 15 hivi, ploti 9 zitakupa jibu ambalo kosa lake ni kama asilimia 10 juu au chini. Upishano ukifika asilimia 25, utahitaji ploti 25 kwa uhakika ule ule. Ndiyo faida ya kugawa vizuri katika hatua ya 2: kipande kinachofanana hukupunguzia ploti za kupima.

Hatua ya 4: Pima unene

Unene hupimwa kwenye mita 1.3 kutoka ardhini, usawa wa kifua. Tumia ule ufito, usikisie, maana vifua vya watu havilingani. Kwenye mtelemko simama upande wa juu wa mti. Mti ulioinama, pima mita 1.3 kwa kufuata shina. Uliogawanyika chini ya mita 1.3 ni miti miwili; uliogawanyika juu yake ni mmoja. Penye nundu au kovu la tawi, pima juu kidogo na chini kidogo kwa umbali ulio sawa, uchukue wastani. Ondoa mimea inayotambaa na magome yaliyolegea kabla ya kuzungusha utepe.

Kama utepe wako unasoma mzunguko, gawa kwa 3.1416 upate kipenyo. Mzunguko wa sentimita 56.5 ni kipenyo cha sentimita 18.

Hatua ya 5: Pima urefu wa miti inayotawala

Kanuni inayotumika sana ni hii: chukua miti 100 minene kuliko yote kwa kila hekta, na wastani wa urefu wake ndio urefu wa juu wa eneo. Katika ploti ya hekta 0.04, hiyo ni miti 4. Ndiyo, tunachagua kwa unene lakini tunapima urefu. Unene hapa unatusaidia tu kuitambua inayotawala. Ruka mti uliovunjika kilele, ulioungua au wenye ugonjwa, uchukue unaofuata.

Simama mbali na mti kwa umbali usiopungua urefu wake. Ukisogea karibu, pembe inakuwa kali na kosa dogo la mkono linakuwa mita nzima. Pima umbali wa mlalo, tuseme mita 20. Lenga kilele, soma skeli ya asilimia: 71. Lenga kitako: 8 chini ya usawa wa jicho. Jumlisha, 79, zidisha kwa 20, gawa kwa 100. Mti una mita 15.8. Ikiwa kitako kiko juu ya jicho lako kwa sababu umesimama bondeni, toa badala ya kujumlisha.

Kosa linalorudiwa kuliko yote liko kwenye miti ya majani mapana. Mtiki mkubwa una kichwa kama mwavuli, na ukiwa chini unaona ukingo wa karibu ukadhani ndicho kilele. Unapata mti mrefu kuliko ulivyo. Rudi nyuma mpaka ukione kilele chenyewe, au mwambie mwenzako autikise mti mchanga ili ujue ni upi unaoulenga. Mti ulioinama, simama ubavuni mwake, yaani mti usiwe umeinamia kwako wala kinyume chako.

Kuna shamba ambalo hatua hii haitakupa ukweli hata upime vizuri namna gani: lile ambalo wanunuzi waliruhusiwa kuingia na kukata miti mikubwa kwanza. Waliotawala wameondoka. Waliobaki ni wadogo zao, na urefu wao utaitukana ardhi isiyo na kosa. Hesabu visiki vinene. Ukiviona vingi, tafuta ubora wa eneo kwa njia ya udongo, au kwenye kipande jirani ambacho hakijaguswa.

Hatua ya 6: Geuza urefu kuwa daraja la ardhi

Mita 16 peke yake haisemi kitu. Mita 16 kwa miaka 10 ni habari moja, kwa miaka 25 ni nyingine kabisa. Ndiyo maana hutumika umri wa rejea: tunauliza miti hii itakuwa, au ilikuwa, na urefu gani ikiwa na umri fulani. Kwa mitiki hutumika sana miaka 20. Kwa mikaratusi ya kuvunwa mapema ni michache zaidi, mara nyingi kati ya 5 na 10.

Kama kuna chati ya aina yako ya mti iliyotengenezwa kwa mazingira yanayofanana na yako, itumie. Kama haipo, tengeneza ya kwako. Kusanya urefu wa juu kutoka vipande vya umri mbalimbali, weka nukta kwenye karatasi ya grafu, umri chini na urefu pembeni, kisha pitisha mkunjo katikati. Tuseme mkunjo wako unasoma mita 14 kwa miaka 10 na mita 20 kwa miaka 20. Kipande chako cha miaka 10 kina mita 16.6, ambayo ni mara 1.19 ya mkunjo. Zidisha 20 kwa 1.19: ardhi ile inatarajiwa kufikisha karibu mita 24 miti ikiwa na miaka 20. Rudia kwa kila kipande, uviweke katika madaraja matatu au manne.

Lakini mkunjo huo una mtego. Watu hupanda ardhi nzuri kwanza, mbaya wanaimalizia baadaye. Basi miti yako mikongwe yote iko bondeni, na michanga yote iko kilimani. Mkunjo utapanda kuliko ukuaji wa kweli, na utaitabiria miti michanga urefu ambao haitaufikia. Dawa yake ni kupata nukta za umri tofauti kwenye kila hali ya ardhi, au kurudi kupima miti ile ile miaka ya mbele.

Na kumbuka kwamba daraja ni la ardhi pamoja na mti. Eneo linaloitwa baya kwa mtiki linaweza kuwa la kupendeza kwa msindano. Vivyo hivyo usilinganishe vipande viwili kimoja kikiwa na mbegu iliyochaguliwa na kingine mbegu ya kuokota. Tofauti utakayoiona huenda ni ya mbegu.

Hatua ya 7: Hesabu mbao na kasi ya ukuaji

Tuchukue mfano wa ploti ya mitiki ya miaka 10, hekta 0.04, yenye miti hai 32. Ploti hii inaingia mara 25 kwenye hekta, kwa hiyo ni miti 800 kwa hekta.

Zidisha kila kipenyo kwa chenyewe, ujumlishe. Tuseme jumla ni 9,216. Zidisha kwa 0.00007854, upate mita za mraba 0.724, hilo ndilo eneo la mikato ya mashina yote kwenye ploti, kana kwamba yamekatwa usawa wa kifua. Mara 25 ni mita za mraba 18.1 kwa hekta. Sasa gawa 9,216 kwa 32, tafuta kipeo cha pili: karibu sentimita 17, kipenyo cha mti wa kati. Angalia miti ya unene huo uliyoipima urefu (ndiyo sababu ni vizuri kupima urefu wa miti 8 hadi 10 ya unene mbalimbali, mbali na ile inayotawala). Tuseme ina mita 15.

Shina si bomba, linachongoka kuelekea juu, kwa hiyo tunapunguza kwa namba ya umbo. Tukitumia 0.45, ujazo ni 18.1 × 15 × 0.45, yaani mita za ujazo 122 kwa hekta, pamoja na gome. Namba ya umbo hutofautiana kwa aina ya mti na kwa umri, hivyo usiing'ang'anie hii ya mfano. Siku ya kupunguza miti, chukua mashina kadhaa yaliyoangushwa, yagawe vipande vya mita 2, pima kipenyo cha katikati ya kila kipande, jumlisha ujazo wake, ulinganishe na bomba la unene wa kifua na urefu wa mti. Utapata namba ya shamba lako mwenyewe.

Wastani wa ukuaji kwa mwaka ni 122 kugawa kwa 10: mita za ujazo 12.2 kwa hekta. Kama mwaka wa 5 ulipunguza miti ukatoa mita za ujazo 14, zirudishe kwenye hesabu, maana ardhi ndiyo iliyozizalisha: 136 kugawa kwa 10 ni 13.6. Wengi husahau hili, kisha wanashangaa kwa nini shamba lililotunzwa linaonekana limezaa kidogo kuliko lililotelekezwa.

Kama ulipima pia mwaka wa 8 ukapata 92, ukuaji wa sasa ni 30 kwa miaka 2, yaani 15 kwa mwaka. Ukuaji wa sasa ukiwa juu ya wastani, wastani bado unapanda. Siku utakapokutana nao, wastani umefika kilele. Ukikata hapo na kupanda tena, ardhi inakupa ujazo mwingi kuliko wote kwa mwaka. Hiyo si lazima iwe siku ya kuvuna, kwani mbao nene na, kwa mtiki, moyo mpana wa mti, huhitaji kusubiri zaidi.

Hatua ya 8: Chimba, ujue sababu

Namba zimekuambia wapi kuna ubovu, ila hazijasema kwa nini. Chimba shimo la mita 1 hadi 1.5 kwenye daraja bora, na jingine kwenye daraja duni. Kulinganisha mashimo mawili kunafundisha kuliko kuchimba kumi mahali pamoja.

Fuata mizizi kwanza. Inapoishia au kugeuka kulala, pana kizuizi: mwamba, tabaka gumu, au maji. Udongo wenye mabaka ya kijivu na ya rangi ya kutu unasema maji hutuama hapo sehemu ya mwaka, na mtiki hauvumilii hilo. Lowesha udongo, uuviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada: mchanga hausokoteki, mfinyanzi unatoa utepe mrefu. Pima uchachu pia. Mtiki hupenda pH iliyo karibu na 6.5 hadi 7.5 na udongo wenye chokaa ya kutosha. Kwenye udongo uliochujika na kuchachuka hudumaa, mahali ambapo msindano wa Karibi husitawi bila malalamiko.

Si kila udumavu ni wa ardhi. Mikaratusi inayokufa ncha kila kiangazi mara nyingi imekosa boroni, ingawa kwa jicho inafanana na ukame. Misindano michanga yenye manjano, katika eneo lisilowahi kupandwa misindano, huenda imekosa kuvu wanaoishi na mizizi yake. Kasoro hizi zinatibika, na ni dhuluma kuandika "ardhi mbaya" juu yake. Kwa upande mwingine, ardhi nzuri inaweza kushushwa daraja: mashine ikikwangua udongo wa juu, magari yakiushindilia, au moto ukipita kila mwaka.

Hatua ya 9: Rudi kwenye miti ile ile

Chagua baadhi ya ploti ziwe za kudumu. Zika bomba la chuma katikati, ipe miti namba, chora mstari wa rangi kwenye mita 1.3 ili utepe upite pale pale kila mara. Alama zisiwe za kujionyesha kwa mbali. Wafanyakazi wakiijua ploti wataipalilia vizuri kuliko shamba lingine, nayo itaacha kuwakilisha shamba. Pima mwezi ule ule wa mwaka, kwa sababu shina huvimba kidogo wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi, na mti unaokua polepole unaweza kuonekana umekonda.

Shika daftari la zamani mkononi unapopima upya. Mti uliopungua unene, au ulioongezeka sentimita 6 kwa mwaka wakati wenzake wameongeza 1, upime tena papo hapo, ungali umesimama mbele yake. Ukishafika nyumbani hutajua tena kama kosa lilikuwa la mwaka huu au la mwaka ule.